Zirkoni si zirkonia: mwongozo kamili wa kulitambua, kulinunua na kulitunza jiwe linalosingiziwa

Ingia duka lolote la pete na vidani vya bei nafuu, onyesha kijiwe cheupe kinachometameta, kisha uliza ni jiwe gani. Kuna uwezekano mkubwa utajibiwa "zirkoni". Karibu kila mara jibu hilo si sahihi, na muuzaji wala hakukusudia kukudanganya. Naye aliuziwa kwa jina hilohilo. Kilichomo kwenye pete ni zirkonia, kitu cha kiwandani. Zirkoni ni madini yanayotoka ardhini, na baadhi ya punje zake ndizo vitu vikongwe kuliko vyote vilivyozaliwa hapa duniani ambavyo vimewahi kuokotwa.

Mkanganyiko huo una hasara yake. Mwenye jiwe halisi hulitangaza, mteja akakunja uso: "Si ile feki?" Mwenye jiwe la kiwandani naye anajivika jina la watu. Mwongozo huu ni wa anayetaka kununua, wa mchimbaji mdogo au dalali aliyekuta mawe ya kahawia kwenye changarawe asijue ayafanyie nini, na wa sonara anayeletewa jiwe la kulipachika. Kila mmoja anaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu inayomhusu, lakini nashauri sehemu ya lenzi asiiruke mtu.

Majina matatu yanayofanana

Zirkoni ni madini ya asili yenye zirkoniamu, silikoni na oksijeni. Kemia yake huandikwa ZrSiO4. Zirkoniamu ni metali iliyomo ndani yake. Zirkonia ni oksidi ya metali hiyo, ZrO2, ambayo ikiyeyushwa pamoja na yitriamu au kalsiamu kidogo na kuachwa igande huwa fuwele safi ya kukatia vito. Hiyo ndiyo inayojaa madukani tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1976, baada ya wanasayansi wa Kisovieti kupata namna ya kuiyeyusha kwa wingi.

Chanzo cha majina yote ni kimoja. Mwaka 1789 mkemia wa Kijerumani Martin Heinrich Klaproth alichunguza mawe yaliyotoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, akagundua ndani yake elementi isiyojulikana. Metali yenyewe ilitolewa mwaka 1824 na Jöns Jacob Berzelius wa Sweden. Jina la jiwe ni la zamani zaidi, na wengi hulifuatisha hadi kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya rangi ya dhahabu, ambalo mwanzo wake ni *zar*, dhahabu. Anayevaa joho lililotariziwa kwa zari anabeba mzizi huohuo begani bila kujua.

Tabia za jiwe, na kwa nini mengine "yameugua"

Zirkoni njema ina ugumu wa takriban 7.5 kwenye kipimo cha Mohs, ambapo kwatzi ni 7 na almasi ni 10. Ni nzito kuliko maji mara 4.6 hadi 4.7. Inapinda mwanga kwa nguvu, faharasa yake (namba inayoonyesha kiasi cha kuupinda) ikiwa kati ya 1.92 na 1.99, na hutawanya mwanga mweupe kuwa cheche za rangi kwa kiwango cha 0.039, ilhali almasi ni 0.044. Ndiyo maana zamani zirkoni zisizo na rangi kutoka Sri Lanka ziliitwa "almasi za Matara", kwa jina la mji wa kusini mwa kisiwa hicho. Zikikatwa vizuri huwaka kwelikweli.

Lakini si kila zirkoni ni njema. Fuwele hii inapoumbika hupokea atomi chache za urani na thori, elementi zenye mionzi. Kwa mamilioni ya miaka atomi hizo huvunjika, na kila moja inapovunjika huisukuma na kuibomoa fuwele iliyoizunguka. Jiwe linaoza kwa ndani polepole huku likibaki jiwe kwa nje. Wataalamu huzigawa zirkoni katika daraja la juu, la kati na la chini. La juu ni ile niliyoieleza. La chini limelainika hadi ugumu wa 6 hivi, uzito wake umeshuka hadi karibu mara 4 ya maji, faharasa imeshuka hadi 1.8 na ushee, na mara nyingi rangi yake ni kijani chenye ukungu, kama chupa iliyopakwa mafuta. Weka jambo hili akilini: vipimo vya vitabuni ni vya jiwe zima, na jiwe lililochoka linaweza kukufanya udhani umeshika safaya au garneti.

Je, lina mionzi ya kudhuru? Mawe ya vito yanayouzwa kwa kawaida yana urani kidogo mno, na kuyavaa hakuna neno. Vumbi la kusaga ni habari nyingine. Nitalirudia kwenye ukataji.

Urani hiyohiyo ndiyo imeipa zirkoni sifa ambayo ni mawe machache yanayo. Fuwele inapozaliwa hukubali urani lakini huikataa risasi, yaani ile metali nzito ya plumbi. Risasi inayokutwa ndani baadaye karibu yote imetokana na urani iliyovunjika. Urani ina aina mbili: urani-238 huchukua takriban miaka bilioni 4.47 kupungua kwa nusu, urani-235 miaka milioni 704. Kwa hiyo mtu akipima kiasi cha urani na risasi kwenye punje moja, anasoma saa mbili kwa pamoja, na zikikubaliana umri unaaminika. Punje ndogo kutoka Jack Hills, magharibi mwa Australia, ilitangazwa mwaka 2001 kuwa na miaka bilioni 4.4. Dunia yenyewe ina takriban bilioni 4.5.

Hatua ya kwanza: pata lenzi ya mara 10, ujifunze kuangalia kingo

Kama utanunua kifaa kimoja tu maishani, nunua lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Kwa zirkoni, lenzi hii inashinda mashine nyingi za bei kubwa, kwa sababu ya tabia moja: jiwe hili huugawa mwanga kuwa miali miwili inayopita njia tofauti. Ukitazama kupitia jiwe, mstari mmoja unauona miwili.

Fanya hivi. Safisha jiwe kwa kitambaa. Lishike kwa kibanio, lenzi ikiwa karibu kabisa na jicho, kisha sogeza jiwe hadi lionekane wazi. Tazama kupitia uso mpana wa juu, lakini macho yako yalenge kingo za nyuso za nyuma, upande wa chini wa jiwe. Katika zirkoni ya daraja la juu kila ukingo wa nyuma utauona umejirudia, mistari miwili sambamba kama reli. Kama kuna doa au uchafu ndani, nalo litakuwa na pacha wake.

Usipoona pacha, usikate tamaa mapema. Kila fuwele ya zirkoni ina mwelekeo mmoja ambao mwanga haugawanyiki, na mkataji hodari hupanga uso wa juu ukabiliane na mwelekeo huo makusudi, ili jiwe lisionekane na ukungu. Kwa hiyo inamisha jiwe. Tazama kupitia nyuso za pembeni, zungusha, tazama tena upande mwingine. Ukiwa umelitazama kwa pande tatu tofauti na kingo zote ni moja moja, basi hilo ama si zirkoni, ama ni zirkoni ya daraja la chini.

Sasa matokeo yanatafsiriwa hivi. Zirkonia ya kiwandani, almasi, spineli, garneti na kioo: hakuna pacha hata kidogo. Safaya na rubi: upo, lakini ni mdogo mno, kwa kuwa mgawanyiko wake ni 0.008 na wa zirkoni ni 0.059, takriban mara saba. Kwenye jiwe dogo la safaya hutauona. Moisanaiti, jiwe lingine la maabara linalouzwa badala ya almasi, lina pacha unaoonekana vizuri, kwa hiyo lenzi peke yake haitoshi kulitenga; linatengwa kwa mizani, kwa kuwa ni jepesi sana likilinganishwa na zirkoni. Titanaiti ina pacha mkubwa kuliko wa zirkoni, nayo pia ni nyepesi na laini.

Ukimaliza kingo za ndani, tazama kingo za nje. Zirkoni ni ngumu lakini haina uvumilivu, inameguka kirahisi. Mawe yaliyosafiri pamoja kwenye karatasi moja husuguana hadi kingo zake zikawa na vidoa vyeupe kama zimeng'atwa na mchwa. Niliwahi kuagiza vijiwe sita vya buluu, vikaja vimefungwa pamoja kwenye karatasi moja. Vinne vilifika vimesagika kingo, na aliyetuma akaniambia vilikuwa hivyo tangu zamani. Kingo zilizochakaa si uthibitisho, lakini kwenye jiwe linalodaiwa kuwa safaya zinatakiwa zikupe shaka.

Hatua ya pili: mizani na kikombe cha maji

Jaribio hili halikwaruzi jiwe, halihitaji kemikali, na linahitaji tu mizani ndogo ya kidijitali, kikombe, maji na uzi mwembamba.

Pima jiwe likiwa kavu, andika gramu zake. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote majini likining'inia, lisiguse chini wala pembeni. Vuta viputo vya hewa vilivyoganda juu yake kwa kuligusa na brashi. Tone la sabuni ya maji husaidia. Mizani itaonyesha namba ndogo: huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili.

Mfano. Jiwe kavu lina gramu 2.35. Likizamishwa mizani inasoma 0.50. Gawanya: 4.70. Hiyo ni zirkoni ya daraja la juu. Jiwe la uzito huohuo lingekuwa safaya ungesoma 0.59, spineli 0.65, kwatzi 0.89, na zirkonia ya kiwandani karibu 0.40, kwa kuwa zirkonia ni nzito kuliko maji mara 5.6 hadi 6.

Angalia lakini usahihi wa mizani. Gramu 2.35 ni karati 11.75, jiwe kubwa. Ukipima jiwe la karati moja, yaani gramu 0.2, maji yanayosukumwa ni gramu 0.04 tu, na mizani inayoishia desimali mbili ikikosea tarakimu moja ya mwisho umekosea robo nzima. Kwa mawe madogo tafuta mizani ya desimali tatu, au pima mawe kadhaa ya aina moja kwa pamoja, ukiwa na hakika kwamba ni ya aina moja.

Nani anapaswa kuhofia jibu la karibu 4? Safaya ni 4.00, garneti nyingi ziko kati ya 3.8 na 4.2, na zirkoni iliyochoka iko hapohapo. Hapa lenzi na mizani zinakuachia swali, na kinachofuata ndicho cha kulijibu.

Hatua ya tatu, kwa mwenye nafasi: spektroskopu

Spektroskopu ya mkononi ni kijimrija kifupi unachotazamia mwanga uliopita ndani ya jiwe. Zirkoni huacha mistari myeusi kwenye upinde wa rangi, na ulio maarufu uko kwenye nyekundu, nanomita 653.5. Mwanakemia Arthur Church aliiona mistari hii mwaka 1866. Mawe mengine, hasa yaliyochomwa, huonyesha mistari hafifu, lakini ukiuona ule wa nyekundu mahali pake, umemaliza kazi. Kifaa cha kupima faharasa ya mwanga, ambacho wengi hukimbilia, hapa hakisaidii sana: kile cha kawaida huishia 1.81, na zirkoni nzuri inavuka mpaka huo. Atakayekuonyesha kwamba jiwe lako "halisomi" amekuonyesha jambo la maana, lakini zirkonia na almasi nazo hazisomi.

Ukishindwa, peleka maabara. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambacho pia hufundisha ukataji na ung'arishaji wa vito.

Kwa aliyekuta jiwe ghafi

Fuwele ambayo haijasafiri mbali huonekana kama kimraba kirefu chenye paa la piramidi kila ncha. Iliyobingirishwa na mto imepoteza kingo na kuwa kokoto laini, mara nyingi ya kahawia, nyekundu ya kutu, au njano ya asali. Mng'ao ndio unaoshtua: hata kokoto isiyokatwa huwa na ung'avu wa mafuta au wa almasi ambao kwatzi haina.

Tunduru, kusini mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa mfano. Tangu kukimbiliwa na wachimbaji katikati ya miaka ya 1990, changarawe za huko zimetoa safaya, spineli, krisoberili, garneti na zirkoni zikiwa zimechanganyika kwenye karai moja. Si ajabu zinafanana na changarawe za Sri Lanka: kabla ya Gondwana, bara kuu la kale la kusini, kupasuka, ardhi hizo mbili zilikuwa jirani. Kwenye mchanganyiko kama huo zirkoni ya rangi ya chungwa huhesabiwa kuwa garneti, na garneti kuwa zirkoni. Bonde la Umba mkoani Tanga lilishatupa funzo: garneti ya rangi ya waridi na chungwa iliyokataliwa na wanunuzi kwa kutoeleweka ni ya ukoo gani iliitwa "malaya", na leo ni jina linalouzwa kwa heshima duniani. Jiwe usilolijua usilitupe.

Kwenye mchanga mweusi wa kandokando ya mto, toa kwanza vipande vinavyovutwa na sumaku, zirkoni haivutwi. Zilizobaki zimulike gizani kwa taa ya urujuanimno (UV) ya mawimbi mafupi, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani. Zirkoni nyingi, ingawa si zote, huwaka njano ya haradali.

Kisha uza kihalali. Tanzania ina masoko ya madini tangu mwaka 2019, na kununua au kuuza kunataka leseni ya Tume ya Madini. Tenganisha zirkoni na mengine kabla ya kufika sokoni. Kwenye mfuko wa mchanganyiko hulipwa kwa bei ya jiwe la hovyo kuliko yote.

Moto: buluu inatoka wapi

Zirkoni ya buluu ndiyo inayopendwa zaidi, na karibu yote imepita motoni. Mawe yake mashuhuri ni ya kahawia kutoka Ratanakiri, mkoa wa Kambodia ambao jina lake maana yake ni mlima wa vito. Hufungiwa kwenye vyungu na kuchomwa hadi nyuzi 900 au 1,000 za Selsiasi mahali pasipo na hewa ya kutosha, mara nyingi pamoja na mkaa. Yanayotoka ni buluu. Yakichomwa penye hewa, hutoka ya njano ya dhahabu au meupe kabisa. George Kunz, mtaalamu wa vito wa Marekani aliyevutiwa mno na ile ya buluu, alijaribu kuipa jina jipya lenye maana ya jiwe la nyota. Halikushika.

Kuchoma si udanganyifu, mradi usemwe. Udanganyifu ni kumwambia mteja kwamba buluu hiyo ni ya asili.

Je, ukichoma mawe ya Tunduru yatakuwa buluu? Usitegemee. Rangi inategemea kilichomo ndani ya kila jiwe, na si kila kahawia hugeuka. Tena jiwe lenye ufa au uchafu hupasuka. Ukitaka kujaribu, chukua tanuru linalodhibitiwa joto, mawe machache ya thamani ndogo, pandisha na shusha joto polepole. Jiko la mkaa la nyumbani litakupa vipande.

Kuna sharti lingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Baadhi ya mawe yaliyochomwa hurudia ukahawia yakikaa juani au chini ya urujuanimno. Anayenunua mzigo mkubwa achukue sampuli, nusu aiweke dirishani penye jua siku kadhaa, nusu aifungie sandukuni, kisha azilinganishe juu ya karatasi nyeupe. Mwenye pete ya buluu naye aivue kabla ya kuingiza mkono kwenye ile taa ya saluni ya kukaushia rangi ya kucha.

Kununua bila kujuta

Uliza bei kwa karati, lakini chagua kwa milimita. Zirkoni ni nzito kuliko almasi kwa karibu theluthi, kwa hiyo karati moja ya zirkoni huonekana ndogo. Jiwe la duara la milimita 6.5, ambalo kwa almasi ni takriban karati moja, kwa zirkoni ya umbo hilohilo ni 1.3 hivi. Anayenunua kwa mazoea ya almasi hushangaa akifungua kifurushi.

Zungusha jiwe la buluu mbele ya mwanga. Linapaswa kubadilika kutoka buluu hadi karibu kukosa rangi kadiri unavyoligeuza. Lisipobadilika kwa upande wowote, rudi kwenye lenzi. Likionekana na ukungu katikati ukitazama kwa juu, mkataji hakulipanga vizuri, na hiyo ni sababu halali ya kushusha bei.

Zirkoni na tanzanaiti ni miongoni mwa mawe ya waliozaliwa Desemba kwenye orodha ya sonara wa Marekani. Zirkoni iliingia mwaka 1952, tanzanaiti 2002. Kwa muuzaji wa Arusha anayepokea watalii wa mwisho wa mwaka, hiyo ni sentensi moja inayoweza kuuza mawe mawili.

Na ukiandika risiti, andika "zirkoni ya asili, imechomwa" au "haijachomwa". Usiandike "zirkoni" tupu. Neno hilo pekee limeshaharibiwa.

Ukataji

Panga uso wa juu ukabiliane na mhimili mrefu wa fuwele, ule uliotajwa ambao mwanga haugawanyiki. Kwenye kokoto isiyo na umbo, utafute kwa lenzi: ng'arisha madirisha mawili madogo, tazama ndani, na upande ambao mistari pacha inaungana ndio wako.

Pembe za chini hazina ukali wa kwatzi. Mwanga hutoroka kwenye kwatzi ukishuka chini ya nyuzi 40 hivi; kwenye zirkoni mpaka ni karibu 31. Pembe ya nyuzi 40 hadi 42 inatosha kulifanya liwake, na jiwe ghafi lililo bapa bado linaokoleka. Wakataji wa zamani waliongeza duru ya nyuso ndogo kuzunguka ncha ya chini, mtindo ambao umebaki na jina la zirkoni mpaka leo, ili kuongeza cheche na kuficha ukungu.

Saga kwa maji muda wote na uvae barakoa. Shinikizo liwe jepesi kwenye kingo. Kila jiwe likimalizika, lipate karatasi yake peke yake.

Kwa sonara, na kwa atakayevaa

Toa jiwe kabla ya kuunganisha chuma kwa moto. Joto linaweza kugeuza rangi au kulipasua. Usibane makucha kwa nguvu. Kwa pete ya kila siku, pendekeza ukingo wa metali unaolizunguka jiwe lote badala ya makucha manne yaliyoliacha uchi. Lakini kusema kweli, zirkoni ni jiwe la hereni na kidani kuliko la pete. Mwanamke anayefua, kukuna nazi na kuosha masufuria huku amevaa pete ya zirkoni atakuwa na kingo butu kabla ya mwaka kwisha.

Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini wa mtoto. Mashine za kutetemesha na za mvuke zikae mbali. Lihifadhi peke yake kwenye kitambaa.

Kingo zikichakaa, jiwe halijafa. Mkataji anaweza kuling'arisha upya, likapoteza uzito kidogo na kurudi kuwaka. Mpe sharti moja tu, kwamba nyuso za chini asiziguse kama hazina jeraha.

Na ule mchanga wa Kwale?

Nimeulizwa mara kadhaa kama zirkoni ya pwani ya Kenya inafaa kwa vito. Hapana. Kwale ilitoa zirkoni pamoja na ilmenaiti na rutaili, madini ya titani, kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, na Moma, kaskazini mwa Msumbiji, bado inatoa. Hizo ni punje za mchanga, za kusagwa. Huvipa vigae na masinki weupe wake, hutengeneza kalibu za kumiminia chuma kilichoyeyuka kwa kuwa hazitishwi na joto, na kemikali zake huishia hata kwenye meno bandia ya zirkonia. Metali yake hufunika fueli ya vinu vya nyuklia, baada ya kuondolewa hafniamu, elementi iliyogunduliwa Copenhagen mwaka 1923 ikiwa imejificha ndani ya zirkoni. Ukikutana na mtu anayeuza pete ya "zirkoni ya Kwale", mwombe lenzi yake.